Mtoto anacheza tu huko shuleni: nimtoe au nimwache?

Wiki iliyopita, dakika chache kabla ya kufunga kipindi cha asubuhi, uliingia ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Handeni. Mwanawe ana miaka minne na nusu na anasoma katika kituo kinachofundisha kwa mbinu ya Montessori. Ni mwezi wa tatu sasa na mtoto hajaleta nyumbani daftari hata moja. Akimuuliza leo mmefanya nini, anajibu amemimina maji, amepanga vijiti, amefagia. Mtoto wa jirani yuko inglishi midiamu na daftari lake limejaa a, e, i, o, u, na alama za vema kwa wino mwekundu. Mama akauliza swali fupi: nimtoe?

Nilisoma ujumbe ule hewani na simu hazikukatika. Waliopiga wengi walisema amtoe haraka, maana hela haiokotwi. Mzee mmoja wa Korogwe alisema amwache, watoto wa siku hizi wanachoshwa mapema kama ng'ombe wa plau. Muda ukatuishia. Haya ndiyo maelezo ambayo dakika zile hazikutosha kuyatoa.

Kwanza nikiri jambo. Mwaka juzi na mimi nilikuwa upande wa yule jirani. Binti yangu nilimpeleka kituo kimoja, jina naliacha, chenye basi la njano na mahafali ya watoto kuvaa joho. Kabla hajatimiza miaka mitano alikuwa anahesabu moja hadi hamsini bila kukosea, tena kwa Kiingereza. Wageni wakija tunamsimamisha sebuleni, anahesabu, tunampigia makofi. Siku moja niko jikoni nikamwambia aniletee vitunguu vitano. Alikuja amekumbatia vitunguu vyote vilivyokuwa kwenye beseni. Nikamwuliza hivi ni vitano? Akaanza kuimba, wan, tuu, thrii, na mkono haukugusa kitunguu hata kimoja.

Mtoto wangu alikuwa anajua wimbo wa namba. Namba zenyewe alikuwa hazijui.

Mbinu ya kufundisha watoto wadogo kwa vitendo, ambayo mama wa Handeni ameitilia shaka, inajaribu kuziba hilo pengo la vitunguu. Je, inaliziba kweli, na je, mzazi wa kijijini ana sababu ya kuigharamia?

Jina hili limetoka wapi

Montessori ni jina la mtu. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870 akawa daktari, wakati ambapo wanawake madaktari nchini kwao walikuwa wa kuhesabu. Kazi yake ya mwanzo na watoto ilikuwa kwa wale walioonekana kuwa na akili pungufu, ambao wengine waliona hawafundishiki. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha, na wakajifunza. Akajiuliza kama hawa wanaweza, hao wengine tunawakosea wapi?

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Huo ulikuwa mtaa wa maskini. Wazazi walitoka alfajiri kwenda vibarua, watoto wakabaki wanazurura na kuharibu kuta za majengo, hadi wenye majengo wakaona bora watafutiwe mahali pa kukaa. Nasimulia hili kwa sababu leo ukisikia jina hilo Dar es Salaam au Nairobi unafikiria geti, bustani na ada inayotisha. Mbinu yenyewe ilianzia kwa watoto wa vibarua.

Darasani inafanyika hivi. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wanakaa chumba kimoja, wadogo wanawaangalia wakubwa. Vifaa viko kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia mwenyewe. Anachagua kazi, anaifanya juu ya mkeka wake, akimaliza anairudisha ilipokuwa. Mwalimu anamwonyesha mara moja, polepole, halafu anakaa pembeni na kuangalia. Haandiki alama za vema wala za kosa, kwa kuwa kifaa chenyewe kinasema. Ukiwa na vigingi kumi vya unene tofauti na matundu kumi, ukakosea kimoja, cha mwisho hakitaingia. Mtoto anaona kosa lake mwenyewe na kulirekebisha, bila mtu kumzomea.

Herufi zimekatwa kwenye karatasi ya msasa. Mtoto anapitisha vidole juu yake huku akitamka sauti, hivyo mkono unajua umbo la herufi kabla haujashika penseli. Namba zinakuja kwa shanga: moja ni ushanga mmoja, kumi ni kijiti cha shanga kumi, mia ni vijiti kumi vilivyofungwa pamoja. Mia moja ni kitu anachokibeba na kuhisi uzito wake.

Sasa kuhusu kumimina maji. Mtoto anayemimina maji kutoka jagi hadi kikombe bila kumwaga anafundisha jicho na mkono kufanya kazi pamoja, na mkono huohuo ndio utakaoshika penseli. Anajifunza pia kuanza kazi na kuimaliza. Ukimwuliza mwalimu yeyote wa darasa la kwanza nini kinamsumbua zaidi, wengi hawatataja herufi. Watakwambia watoto hawatulii kwenye jambo moja hata dakika tano.

Nimeshasikia watu wakisema basi mtoto wa kijijini yuko Montessori tangu kuzaliwa, maana anachota maji, anachambua maharage, anachunga mbuzi. Kuna ukweli hapo, ila usivutwe sana. Nyumbani mtoto anachambua maharage kwa sababu sufuria inasubiri, na akichelewa anaharakishwa. Darasani anarudia kazi hadi mwenyewe atosheke, na mwalimu anaangalia ni lini yuko tayari kwa kazi ngumu zaidi. Hilo la pili nyumbani ni nadra, hata kwa mzazi mwenye upendo.

Si jambo la mbali

Wasikilizaji wa mkoa wetu wa Tanga hawana haja ya kwenda Roma. Pale Ubiri, Lushoto, Masista wa Mama Yetu wa Usambara wana kituo cha kufundisha walimu wa Montessori, na Msimbazi, Dar es Salaam, kipo kingine. Walimu waliopita huko wametawanyika kwenye vituo vya parokia na vya watu binafsi, vingine vijijini kabisa, jengo la bati na sakafu ya saruji tu.

Upande wa pwani kuna hadithi nyingine ambayo mimi naiona nzuri zaidi kwetu, kwa sababu haikuletwa nzima nzima kutoka nje. Miaka ya 1980, wazee na viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi. Watoto wao walikuwa wanajua Kurani lakini wakiingia shule ya serikali wanaachwa nyuma. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na ukaanza mpango wa shule za awali za madrasa. Walimu walikuwa akina mama wa mitaa hiyohiyo waliopewa mafunzo. Waliazima mbinu iliyotumika Marekani, inayoitwa HighScope, ambayo mtoto anapanga atafanya nini, anafanya, halafu anaeleza alichofanya. Wakaichanganya na mafundisho ya dini, hadithi na nyimbo za Kiswahili, na vifaa vya makuti, vifuu na makopo. Mpango ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Kuna namna nyingine pia, kama ile ya Rudolf Steiner iliyoanza mwaka 1919 Stuttgart, Ujerumani, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Wao hawana haraka ya herufi kabisa hadi mtoto afike kama miaka saba, wanatanguliza hadithi, kazi za mikono na bustani. Naiheshimu, ila kwa mzazi wa huku naona inampa mtihani. Mwanawe akifika darasa la kwanza la serikali, kusoma, kuandika na kuhesabu vinaanza mara moja, na mwalimu hatamsubiri.

Ushahidi upo, tena una masharti

Huko Milwaukee, Marekani, kulikuwa na shule ya umma ya Montessori iliyopendwa hadi watoto wanaingia kwa bahati nasibu. Mtafiti Angeline Lillard na mwenzake wakawalinganisha watoto walioshinda bahati nasibu na wale walioikosa. Ni ulinganisho wa haki, kwa sababu wazazi wote walikuwa wanaitaka shule ileile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: watoto wa miaka mitano waliosoma Montessori walikuwa mbele katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na katika kumaliza ugomvi na wenzao kwa maneno. Waliokuwa wakimimina maji ndio waliotangulia kwenye hesabu.

Mwaka 2012 Lillard akachapisha utafiti mwingine. Safari hii alilinganisha madarasa yanayofuata mbinu kikamilifu na yale yenye jina la Montessori lakini yaliyochanganya vifaa vyake na karatasi za mazoezi na mambo mengine ya kawaida. Yaliyofuata mbinu kikamilifu yalifanya vizuri zaidi. Hilo ulishike, nitalirudia.

Afrika Mashariki nayo imepimwa. Peter Mwaura na wenzake walifuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona. Watoto waliopita shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na waliopita shule za mpango wa madrasa wakawazidi wale wa shule nyingine za awali. Ile mbinu ya Marekani iliyoazimwa ina historia ndefu: kati ya 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini za Weusi katika mji wa Ypsilanti, Michigan, waligawanywa makundi mawili, wengine wakapata shule hiyo na wengine hawakupata. Walifuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 40, kundi la kwanza lilikuwa na watu wengi zaidi wenye kazi na wachache zaidi waliowahi kukamatwa na polisi.

Kwa hiyo kwa yule mama wa Handeni, jibu langu la kwanza ni kwamba kutokuwa na daftari hakumaanishi kutosoma. Ila masharti yenyewe ndiyo yenye uzito kuliko jina lililoko kwenye bango.

Bango ni rangi tu

Jina la Montessori halilindwi. Mtu yeyote akiwa na chumba, rangi na fundi wa kuchora katuni ukutani, anaweza kuandika Montessori mlangoni. Nimeshaingia kwenye vituo vya namna hiyo katika kazi yangu. Kimoja kilikuwa na rafu nzuri yenye vifaa vimefungwa kwenye nailoni visichafuke, na watoto arobaini wamekaa kwenye madawati wakinakili ubaoni. Nilipouliza vile vifaa vinatumika lini, nikaambiwa siku za wageni.

Mzazi, huhitaji cheti kuvigundua. Omba ukae darasani asubuhi moja, nyuma, kimya. Tazama kama vifaa vina alama za kushikwa. Kifaa cha mtoto kisichochakaa hakitumiki. Tazama mwalimu yuko wapi, amesimama mbele muda wote au anazunguka na kuchuchumaa. Muulize amesomea wapi ualimu wa watoto wadogo na kwa muda gani. Muulize mwanao ameweza nini mwezi huu ambacho mwezi jana hakuweza. Mwalimu anayemwangalia mtoto atakujibu kwa mfano. Asiyemwangalia atakwambia anaendelea vizuri. Na ukiona fimbo mezani mbele ya watoto wa miaka minne, ondoka naye siku hiyohiyo.

Uliza pia usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, shule ya awali inasajiliwa na wizara ya elimu. Hivi ni vitu viwili tofauti, na wenye vituo wengine wanapenda mzazi asijue tofauti hiyo.

Vipi kwa asiye na ada?

Hapa ndipo watu wengi wanaopiga simu studio wapo, na hapa nina neno na serikali.

Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania, ukiusoma, hauko mbali na hayo niliyoeleza. Ule wa mwaka 2016 ulishasema mtoto ajifunze kwa michezo, kwa vitendo, darasa liwe na kona za ujifunzaji: kona ya hesabu, kona ya kusoma, kona ya nyumbani, na kadhalika. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 haujaacha njia hiyo. Lugha ni Kiswahili, mwaka ni mmoja kabla ya darasa la kwanza, ada hakuna. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25.

Nenda sasa darasa la vidudu la shule ya kijijini kwenu ukahesabu. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016 watoto wamejaa, na hilo ni jema, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Nimewahi kurekodi katika darasa ambalo sikuweza kupita katikati ya watoto bila kukanyaga mguu wa mtu. Mwalimu mmoja, chumba kimoja, kona hakuna kwa sababu kona zote zina watoto. Mwalimu huyo afanyeje? Anaimbisha. Naye amesoma mtaala na anajua kona ni nini. Wimbo ndicho kitu pekee kinachowafikia watoto mia kwa wakati mmoja, na mtoto anatoka pale kama binti yangu, anahesabu hadi hamsini na vitunguu vinamshinda.

Kwa hiyo mvutano wa kucheza au daftari, ambao ulitawala simu zetu, naona unatupeleka pembeni. Mtaala umeshaamua watoto wacheze. Kinachokosekana ni mwalimu wa pili, chumba cha pili na mafunzo, na hayo ni ya kudai kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani, kama tunavyodai zahanati. Kwenye mikutano niliyohudhuria nimesikia madai ya madawati, maabara, nyumba za walimu. Darasa la awali sijalisikia likitajwa hata mara moja, na hata wakuu wa shule wengine wakipungukiwa mwalimu wa darasa la saba wanamchota wa awali.

Kuna mfano unaonigusa mimi mtu wa redio. Zanzibar, miaka ya 2000, watoto wengi hawakuwa na shule ya awali karibu. Wakaanzisha kipindi kilichoitwa Tucheze Tujifunze. Watoto wanakusanyika kwenye kituo cha kijiji na mlezi kutoka jamii hiyohiyo, redio inawashwa, na redio inawaambia simameni, rukeni mara tatu, okoteni kokoto nne, mwambie jirani yako una kokoto ngapi. Kipindi kinanyamaza kuwapa nafasi ya kufanya, kisha kinaendelea. Redio haikuwa mwalimu kamili, lakini ilimpa mlezi asiyesomea ualimu mahali pa kuanzia, na watoto wakashika kokoto badala ya kuimba namba tu. Vituo vya redio vya mikoani, hiki chetu kikiwemo, tuna muda wa asubuhi tunaoujaza kwa muziki wa marudio. Nimelisema kwenye kikao chetu cha vipindi na nitaendelea kulisema.

Vifaa navyo visiwe kisingizio. Vizibo vya soda, magunzi, mbegu za ukwaju, maboksi ya sabuni, mchanga mlaini kwenye sinia la kuandikia herufi kwa kidole, vyote hivi havinunuliwi. Mwalimu mmoja wa milimani Lushoto alinionyesha seti ya kupanga kwa ukubwa aliyotengeneza kwa makopo ya rangi. Alichoniomba nikamsemee redioni ni msaidizi darasani na mchango wa uji, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hapangi makopo, analala.

Hofu ya mzazi siidharau

Wazazi wanaokimbilia daftari wana sababu. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na wanataka mtoto azoee mapema. Wanajua pia kwamba darasa la kwanza mwalimu hatauliza kama mtoto anajua kumimina maji. Mama akitoa hela ya mahindi kulipia ada anataka kitu cha kuonyesha, na daftari linaonekana.

Ila mtoto anajifunza kusoma kwa urahisi zaidi katika lugha anayoisema. Akishajua kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinabeba maana, maarifa hayo anahama nayo kwenda Kiingereza. Asiyeijua lugha anakariri umbo la neno kama picha. Na kituo kizuri cha vitendo hakimpeleki mtoto darasa la kwanza bila herufi. Kikimpeleka hivyo, kimeshindwa kazi yake, na mzazi ana haki ya kulalamika.

Mama wa Handeni nilimpigia baada ya kipindi. Nilimwomba afanye jaribio la vitunguu. Alitumia maembe. Mtoto alileta manne kama alivyoagizwa, halafu akauliza kama aongeze moja yawe matano. Mama alicheka, lakini hajaamua bado. Anasema ataenda kwanza kukaa darasani Jumatatu, na kwamba baba wa mtoto bado anataka daftari.

Alhamisi saa tatu asubuhi tutakuwa na mwalimu wa awali wa shule ya serikali studio, yuko tayari kujibu maswali, hata yale ya kuudhi. Ukituma ujumbe, tafadhali anza na jina la kijiji chako na idadi ya watoto walioko kwenye darasa la awali la shule yenu, kama umekwenda kuwahesabu.